Sumu ya nge na bakteria sugu: kilichopatikana hasa, na kazi iliyobaki

Tangu Juni 2019 habari kwamba sumu ya nge inaua vimelea vya kifua kikuu imekuwa ikizunguka mitandaoni, na kila inapopita mkono mmoja kwenda mwingine inadondosha kipande. Wapo walioielewa kwamba kuumwa na nge kuna kinga ndani yake. Wapo walioanza kuulizia bei ya nge. Utafiti wenyewe, uliochapishwa katika jarida la PNAS, unasema jambo lenye mipaka zaidi na la kuvutia zaidi. Kundi la Lourival Possani wa Chuo Kikuu Huru cha Taifa cha Mexico (UNAM) na kundi la mkemia Richard Zare wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitenga molekuli mbili ndogo kutoka kwenye sumu ya aina moja ya nge wa Mexico. Wakatambua umbo lake, wakazitengeneza upya maabara bila nge, kisha wakazipima. Moja, yenye rangi nyekundu, ilizuia Staphylococcus aureus, bakteria wa majipu, vidonda na maambukizi ya damu. Nyingine, ya buluu, ilizuia bakteria wa kifua kikuu, wakiwemo wa aina iliyokwisha kuwa sugu kwa dawa kadhaa.

Haja ya dawa mpya ni ya kweli kabisa. Makadirio yaliyochapishwa katika The Lancet mwaka 2022 yalionyesha kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na usugu ulihusika kwa namna fulani katika vifo milioni 4.95. Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu. Kwa hiyo kila molekuli inayoonyesha dalili inastahili kupimwa kwa makini, na inastahili pia kuelezwa bila chumvi.

Jambo la kushika mapema ni kwamba sumu ya nge haina uwezo wa kuwa dawa ikiwa kama ilivyo. Ni mchanganyiko wa chumvi, vimeng'enya, molekuli ndogo ndogo, na peptidi nyingi, yaani vipande vifupi vya protini, zinazovuruga milango ya chembe za neva. Peptidi hizo ndizo zinazomlemaza mdudu anayewindwa, na kwa baadhi ya aina za nge ndizo zinazohatarisha maisha ya mtoto aliyeumwa. Kuinywa, kuipaka kwenye kidonda au kuichanja ni kujitia hatarini bure: kinachoua bakteria ndani yake ni kidogo mno kuliko kinachomdhuru mtu.

Rangi iliyotokea hewani

Nge huyo wa Mexico anaitwa Diplocentrus melici, na makazi yake ni jimbo la Veracruz, mashariki mwa nchi hiyo. Wakati wa baridi na kiangazi hujizika ardhini, hivyo hupatikana msimu wa mvua tu. Sumu yake hukamuliwa kwa kugusisha mkia umeme mdogo. Misuli ya kifuko cha sumu hujikunja, tone likatoka kwenye mwiba na kupokelewa na mrija mwembamba wa kioo. Nge habanwi wala hauawi. Hurudishwa kwenye chombo chake, kifuko kijaze tena.

Tone linapotoka ni angavu kama maji. Likikaa hewani dakika chache linageuka rangi. Watu wa Possani walilitilia maanani badiliko hilo, na hapo ndipo utaalamu ulipoonekana, kwa sababu peptidi na protini za sumu kwa kawaida hazina rangi. Rangi ilikuwa na maana kwamba mle ndani kuna kitu cha aina nyingine, tena kitu kinachoundwa oksijeni ya hewani inapokigusa. Walipoitenganisha sumu iliyogeuka, rangi iligawanyika mara mbili: sehemu nyekundu na sehemu ya buluu.

Kutenganisha huko hufanywa kwa kromatografia. Sumu husukumwa kwa shinikizo kupitia bomba jembamba la chuma lililojazwa chembechembe zinazopenda mafuta, huku maji yanayopita yakiongezewa kiyeyushi kidogo kidogo. Vitu vinavyopenda maji hutoka kwanza, vinavyopenda mafuta huchelewa, na kila kimoja hupokelewa kwenye kijichupa chake.

Kikwazo kilikuwa kiasi. Timu ya Stanford ilifanya kazi na takriban maikrolita 0.5 za sumu, yaani nusu ya sehemu moja ya milioni ya lita. Kwa kiasi hicho ilibidi wajue molekuli ina atomu zipi na zimeshikana vipi. Mashine ya kupima uzito wa molekuli ilitoa nusu ya jibu. Nusu nyingine ilitoka kwenye mashine ya sumaku kali inayosoma ujirani wa atomu, teknolojia moja ya asili na MRI ya hospitalini.

Zote mbili ni benzokwinoni. Kiini ni pete ya kaboni sita, na oksijeni mbili zimesimama pande mbili zinazoelekeana. Juu ya pete hiyo molekuli nyekundu imebeba vikundi viwili vya oksijeni na kaboni, na kimoja cha salfa na kaboni. Ya buluu ni kinyume: kimoja cha oksijeni, viwili vya salfa. Hiyo ndiyo tofauti yote. Kwa hesabu ya uzito, nyekundu ni takriban 214 na buluu 230, pengo la 16, ambalo ni oksijeni moja yenye uzito wa 16 iliyoachia nafasi salfa yenye 32. Badiliko la atomu moja limegeuza rangi na limegeuza pia aina ya bakteria anayeathirika zaidi. Kwa mkemia wa dawa habari hii ina thamani kuliko sumu yenyewe, maana inamwonyesha ni kona ipi ya molekuli ya kuanza kuichezea.

Kisha wakazitengeneza kwa kemikali za kawaida za maabara, wakalinganisha zilizotengenezwa na zile za nge: rangi, uzito, muda wa kutoka kwenye kromatografia, usomaji wa sumaku. Zilipolingana, umbo lilithibitika. Tangu hapo vipimo vikubwa vilitumia molekuli za kutengenezwa.

Kwa nini ufugaji wa nge hauna nafasi hapa

Zare alikadiria kwamba galoni moja ya sumu hii ingegharimu dola milioni 39 kuipata. Galoni ya Kimarekani ni lita 3.785, hivyo maikrolita moja inakaribia dola 10. Sasa chukua mtu mzima mwenye lita 3 hivi za plazma, sehemu ya majimaji ya damu. Ili kila mililita ya plazma hiyo iwe na maikrogramu 4 za dawa, kiwango kilichozuia bakteria kwenye vipimo vya maabara, zinahitajika miligramu 12 ndani ya damu peke yake, kabla ya kuhesabu kinachoingia kwenye misuli, kinachofanyiwa kazi na ini na kinachotoka kwenye mkojo. Dozi halisi ingekuwa kubwa mara nyingi zaidi, kila siku, kwa miezi. Nge mmoja hutoa maikrolita chache, na benzokwinoni ni sehemu ndogo tu ya hizo.

Kwa hiyo mtu akikuuzia wazo la kufuga nge kwa ajili ya kiwanda cha dawa ya kifua kikuu, hesabu hiyo inatosha kumjibu. Dawa za asili ya sumu zilizokwisha kufika hospitalini zilipita njia ile ile ya kuachana na mnyama: captopril ya shinikizo la damu, iliyotokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka Bothrops jararaca wa Brazil, ziconotide ya maumivu makali, iliyotokana na konokono wa baharini, exenatide ya kisukari, iliyotokana na mate ya mjusi Heloderma. Zote hutengenezwa kwa kemia. Kwa upande wa bakteria, hakuna dawa ya asili ya nge iliyoidhinishwa mpaka sasa.

Jinsi kipimo kinavyofanywa, na mahali kinapoharibika

Ukisoma kwamba kitu fulani "kinaua bakteria", swali la kwanza ni: kwa kiasi gani? Bakteria hufa kwa siki, kwa chumvi nyingi, kwa sabuni. Maabara hutafuta kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria wasiote, kinachojulikana kwa kifupi cha MIC. Kwa S. aureus utaratibu uko hivi.

Chukua makoloni matatu hadi matano ya bakteria waliooteshwa usiku uliotangulia, uyakoroge kwenye maji ya chumvi safi mpaka ukungu ulingane na kipimo cha McFarland 0.5, takriban bakteria milioni 100 kwa mililita. Andaa sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Weka dawa ikipungua kwa nusu kutoka safu hadi safu: maikrogramu 64 kwa mililita, 32, 16, 8, 4, 2, 1, 0.5, 0.25, 0.125. Safu ya 11 haina dawa ila ina bakteria, ili ithibitike kwamba wanaota. Ya 12 haina bakteria, ili ithibitike kwamba mchuzi wa kuoteshea bakteria ni safi. Mchuzi unaotumika ni Mueller-Hinton uliosawazishwa kalsiamu na magnesiamu. Ongeza bakteria waliozimuliwa ili kila kishimo kibaki na laki tano kwa mililita, kisha acha kwenye nyuzijoto 35 kwa saa 16 hadi 20. Kishimo cha kwanza kisicho na ukungu, ukitokea upande wa dozi ndogo, ndicho MIC. Molekuli nyekundu ilipata maikrogramu 4 kwa mililita dhidi ya S. aureus. Ya buluu ilipata 4 dhidi ya bakteria wa kifua kikuu, na karibu sawa na hapo kwa aina sugu.

Namba hiyo 4 isomwe kwa adabu. Kipimo kinapanda na kushuka kwa hatua za mara mbili, na kosa la hatua moja linakubalika. 4 ya leo inaweza kuwa 2 au 8 kesho. Idadi ya bakteria ikizidi, MIC hupanda yenyewe na dawa nzuri ikaonekana mbovu. Ndiyo maana baada ya kupanda sahani huchukuliwa maikrolita 10 kutoka kishimo kisicho na dawa, huzimuliwa kwenye mililita 10 za maji ya chumvi, na maikrolita 100 za mchanganyiko huo husambazwa kwenye agari, jeli ya kuoteshea bakteria. Yakiota makoloni kama 50, idadi ilikuwa sahihi. Yakiota 300, sahani nzima irudiwe. Hatua hii huchukua dakika tano, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Benzokwinoni zina matatizo yake ya ziada. Haziyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo huyeyushwa kwanza kwenye kiyeyushi kiitwacho DMSO, na DMSO ikizidi asilimia 1 ndani ya kishimo huanza kuwaumiza bakteria yenyewe. Lazima iwepo safu ya DMSO bila dawa. Kwinoni, ukoo wa molekuli hizi, pia hushikana na amino na salfa zilizomo kwenye mchuzi, hivyo dawa uliyoipima kuwa 4 huenda iliyobaki huru ni pungufu ya hapo. Halafu kuna rangi. Mashine inayosoma ukungu kwa mwanga inaweza kuhesabu rangi ya dawa kuwa ni bakteria. Dawa ya kila kiwango iwekwe pia kwenye kishimo kisicho na bakteria, na usomaji wake upunguzwe kutoka kwenye jibu.

Kwa kifua kikuu mambo ni mazito zaidi. Bakteria wake hugawanyika mara moja kwa saa 18 hadi 24, na kazi yote hufanywa kwenye maabara ya usalama wa ngazi ya 3, yenye hewa inayovutwa kuelekea ndani na kuchujwa kabla ya kutoka. Sahani hukaa siku 7, kisha hutiwa rangi ya rezazurini: ikibaki buluu, bakteria wamezuiwa, ikigeuka waridi, wako hai. Tazama mtego ulipo. Rezazurini hugeuka kwa sababu bakteria hai huipa elektroni, na kwinoni nayo ni kitu cha kupokea na kutoa elektroni. Tena mojawapo ya molekuli tunazozipima ni ya buluu, rangi ile ile inayosomwa kama kifo cha bakteria. Mtu akitegemea rangi peke yake atajidanganya bila kujua. Uthibitisho wa kuaminika ni kuchukua yaliyomo kwenye vishimo, kuyasambaza kwenye agari ya kifua kikuu, kusubiri wiki tatu hadi nne, na kuhesabu makoloni.

Je, 4 ni namba nzuri? Isoniazid, mojawapo ya nguzo za matibabu ya kifua kikuu, huwazuia bakteria wasio sugu kwa kiwango kilicho chini ya 0.1, kwa hiyo kwa upande huo 4 haishangazi. Lakini pyrazinamide, ambayo ndiyo iliyofupisha matibabu hadi miezi sita, hupimwa kwenye mchuzi wenye asidi kwa kiwango cha 100. Dawa ikifika palipo na bakteria waliojificha, MIC kubwa husameheka. Uzito wa matokeo ya molekuli ya buluu uko penginepo: kiwango kile kile kilifanya kazi kwa bakteria wa kawaida na kwa wale sugu. Maana yake mabadiliko ya jeni yaliyowafanya wasisikie dawa za zamani hayakuwakinga na hii.

Panya wanne

Watafiti wa Mexico, akiwemo Rogelio Hernández-Pando, waliipeleka molekuli ya buluu kwa panya wenye kifua kikuu sugu kilichokwisha kukomaa. Panya wanne walitibiwa kwa miezi miwili. Idadi ya bakteria mapafuni ilipungua kwa kiasi kinachokubalika kitakwimu, na uharibifu wa mapafu ukapungua pia. Panya wazima waliopewa molekuli hiyo hawakuonyesha madhara.

Hii ni hatua kubwa, kwa sababu vitu vingi vinavyong'ara kwenye vishimo hufia hapa: damu huvimeza, ini huvivunja, au mapafu hayavioni kabisa. Lakini panya wanne ni wanne. Kundi la ukubwa huo linaweza kuonyesha kwamba kuna athari. Haliwezi kuonyesha dozi ipi ndiyo bora, dozi ipi inaanza kuumiza, au kama majike na madume huipokea sawa. Na kupungua kwa bakteria bado hakujawa kupona. Kwenye dawa za kifua kikuu kipimo kigumu ni cha kurudi kwa ugonjwa: panya hutibiwa, dawa husimamishwa, huachwa kama miezi mitatu bila kitu, kisha mapafu husagwa na kuoteshwa ili ionekane ni wangapi wameibuka tena na bakteria. Kwa hilo makundi huwa makubwa, panya kumi au kumi na tano kwa kila muda wa matibabu.

Kwinoni: nguvu na hatari katika kitu kimoja

Msomaji wa Afrika Mashariki amekwisha kukutana na benzokwinoni bila kuijua jina. Jongoo akishikwa hutoa majimaji yanayotia vidole doa la kahawia lisilotoka kwa sabuni. Kilichomo ni benzokwinoni, ndugu wa karibu wa hizi za nge. Doa halitoki kwa sababu kwinoni imeshikana na protini za ngozi yenyewe.

Tabia hiyo ndiyo asili ya nguvu na ya hatari. Kwinoni hupokea elektroni, huzikabidhi kwa oksijeni, na oksijeni iliyochokozwa hivyo huunguza mafuta, protini na jeni. Pia hunasa salfa za protini na kuzima vimeng'enya. Bakteria huumia, na seli za binadamu huumia vilevile, ingawa zina glutathione nyingi ya kuzima moto huo. Protini ya albumini iliyojaa kwenye damu ina salfa yake iliyo wazi, nayo inaweza kuikamata dawa kabla haijafika popote.

Ripoti ya 2019 ilieleza pia kwamba molekuli zote mbili ziliua seli za saratani zilizooteshwa maabara. Magazeti mengi yaliibeba kama bahati ya pili: dawa ya TB na ya saratani kwa mpigo. Kwetu sisi hiyo ni taa ya njano. Kitu kinachoua bakteria na kinachoua seli za binadamu zinazokua haraka huenda hakichagui sana. Swali la kuuliza ni la uwiano: kiwango kinachoua nusu ya seli za kawaida za binadamu, kikigawanywa kwa MIC, kinatoa ngapi? Chini ya 10 wengi huacha au huibadilisha molekuli. Hofu hii haina maana kwamba kwinoni haziwezi kuwa dawa. Atovaquone ya malaria ni kwinoni, na inavumilika vizuri. Doxorubicin ya saratani ni kwinoni pia, na madaktari huhesabu jumla ya dozi ya maisha yote kwa sababu inaharibu moyo. Molekuli za nge ziko mahali fulani kati ya hizo mbili, na kupajua mahali hapo ni kazi ya wataalamu wa sumu ya dawa, si ya vichwa vya habari.

Njia ya pili: peptidi

Benzokwinoni ni za pekee. Utafiti mwingi wa nge na bakteria umehusu peptidi, minyororo mifupi ya amino asidi. Hadrurin ilipatikana kwa nge wa Mexico Hadrurus aztecus. Pandinin 1 na 2 zilitoka kwa Pandinus imperator, nge mkubwa mweusi wa Afrika Magharibi, aliye jamaa na wale wakubwa wenye magando mekundu wa Tanzania. IsCT, kutoka kwa Opisthacanthus madagascariensis, ina amino asidi 13 tu.

Peptidi hizi zina chaji chanya, na zikigusa utando hujikunja mithili ya springi yenye upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta. Utando wa bakteria kwa nje una chaji hasi, hivyo huzivuta. Zikijazana hutoboa, na bakteria huvuja hadi kufa ndani ya dakika. Utando wa seli zetu kwa nje karibu hauna chaji, tena umekazwa na kolesteroli. Kwa karatasi mpango ni mzuri.

Kwenye benchi unavunjika mara nyingi, na sababu zinajulikana. Chumvi ya damu hudhoofisha mvuto wa chaji. Vimeng'enya kama tripsini hukata peptidi kwenye laisini na ajinini, ambazo ndizo zenye ile chaji chanya. Peptidi hung'ang'ania plastiki ya polistirini, hivyo sahani za polipropilini hutumika, la sivyo nusu ya dawa inabaki ukutani na MIC inapanda kwa uongo. Asidi ya trifluoroasetiki iliyotumika kwenye kromatografia hubaki imeshikana na peptidi na inaweza kudhuru seli. Kabla ya kipimo cha sumu hubadilishwa kwa kloridi au asetati.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni damu. Seli nyekundu zilizooshwa huzimuliwa hadi asilimia 2 au 4, huchanganywa na peptidi, hukaa saa moja kwenye nyuzijoto 37, kisha huzungushwa kwenye sentrifuji. Wekundu uliobaki juu hupimwa kwa mwanga wa nanomita 540, na kishimo chenye sabuni ya Triton huhesabiwa kuwa asilimia 100 ya seli kupasuka. Peptidi nyingi za nge hupasua seli nyekundu kwa viwango vilivyo karibu mno na vile vinavyoua bakteria. Ndiyo maana watafiti hubadilisha amino asidi moja moja, wakiongeza chaji na kupunguza mafuta, wakitafuta toleo lenye pengo pana. Kupaka kwenye ngozi ni rahisi kuliko kudunga, ila nako kuna mfano wa kukatisha tamaa: pexiganan, peptidi iliyotokana na chura, ilifika mwisho wa majaribio kwa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, na mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaikataa.

Wanafunzi wa maabara zetu wanaoanza na sumu ghafi wachukue tahadhari moja ya ziada. Kipande cha karatasi kilichochovywa sumu na kuwekwa kwenye agari kikionyesha duara lisilo na bakteria, bado hujajua kilichoua. Matone ya kwanza ya baadhi ya nge, kama Parabuthus transvaalicus wa kusini mwa Afrika, yana chumvi nyingi ya potasiamu kuliko sumu inayofuata. Kinyume chake, peptidi kubwa hutembea polepole ndani ya agari, na duara dogo linaweza kuficha kitu chenye nguvu. Pima protini, tenganisha, kisha rudia kwenye mchuzi.

Kabla ya mgonjwa wa kwanza

Molekuli ya buluu, au binamu yake atakayeboreshwa, inapaswa kupita kwa wanyama wa aina mbili kwa vipimo vya sumu, kutengenezwa kwa kilo chini ya viwango vya ubora, kisha kupewa watu wazima wenye afya kwa dozi zinazopanda polepole. Baada ya hapo huja kipimo kinachotumika kwa dawa za kifua kikuu: wagonjwa wachache hulazwa, hupewa dawa mpya kwa hadi siku 14, makohozi ya usiku hukusanywa na bakteria wake huhesabiwa siku baada ya siku. Mteremko wa namba hizo ndio unaoamua kama dawa inaendelea. Afrika Mashariki ina mikono yenye ujuzi wa kazi hiyo. Kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro vimeshiriki majaribio ya dawa za kifua kikuu kupitia mtandao wa PanACEA.

Hata ikifika huko haitatolewa peke yake. Bakteria wa kifua kikuu wanaokutana na dawa moja huchuja wenyewe wachache walio sugu, ndani ya wiki chache. Itabidi ijaribiwe pamoja na bedaquiline, pretomanid na linezolid, dawa ambazo tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limezipendekeza, pamoja na moxifloxacin, kwa tiba ya miezi sita ya kifua kikuu sugu. Linezolid huumiza neva za miguu na hupunguza damu, na wagonjwa wengi hulazimika kupunguziwa dozi. Dawa mpya inayoweza kuchukua nafasi ya linezolid peke yake, hata isipokuwa na nguvu kuizidi, ingebadilisha maisha ya mgonjwa anayeshindwa kutembea kwa ganzi katikati ya matibabu. Nafasi hiyo iko wazi, na hapo ndipo molekuli ya buluu ingefaa kupimwa kwanza.